Sifuri Ipi, Moja Ipi

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tano swali la kutafuta intigrali ya sekanti x, kisha uone kalamu inavyokimbia. Ataigeuza sekanti kuwa moja juu ya kosaini. Atajaribu kuweka u mahali pa kosaini, saini itahitajika na haipo, atafuta, ataanza upya. Mpe swali hilohilo mwalimu aliyelizoea somo na mwanzoni hutaona kitu. Chaki iko mkononi, lakini mkono uko chini. Analitazama swali kama fundi cherehani anavyokigeuza kitambaa mbele na nyuma kabla ya kutia mkasi. Kisha anaandika mistari minne, na kazi imekwisha.

Ninachotaka kukisifia hapa ni huo muda ambao mkono uko chini. Mtu akionekana anafumua maswali magumu ya aljebra, trigonometria na kalkulasi, watu husema ana kichwa. Bwenini humwita kipanga, na wakishasema hivyo wanaona wamemaliza maelezo, kana kwamba majibu humshukia usiku. Ukikaa karibu na watu hao na kuangalia mikono yao utaona ni kazi ya ufundi, inayojifunzwa na inayochosha, na vifaa vyake ni vichache kuliko unavyodhani. Vikubwa ni viwili: kuongeza sifuri na kuzidisha kwa moja.

Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba ukiongeza sifuri kwenye kitu, kitu hakibadiliki, na ukikizidisha kwa moja ni kilekile. Asichoambiwa ni kwamba sifuri ina sura nyingi. 25 toa 25 ni sifuri. 4x² toa 4x² nayo ni sifuri. Na moja ni hivyohivyo: chochote kisicho sifuri, kikigawanywa kwa chenyewe, ni moja. Kwa hiyo thamani ya swali inabaki palepale huku sura yake ikigeuzwa hadi ifanane na kitu tunachokijua. Ugumu wote uko katika kuchagua: sifuri ipi, moja ipi, na itiwe wapi.

Jambo hili lina umri mkubwa. Mnamo mwaka 820 hivi, Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha aljebra, na mmoja wa mifano yake ya mwanzo, kwa maandishi yetu ya leo, ni x² + 10x = 39. Yeye hakuwa na alama hizi. Alieleza kwa maneno na kuchora. Chora mraba ambao kila upande wake ni x. Ile 10 igawanye mara nne, kila fungu ni 2½, kisha bandika kwenye kila upande wa mraba ukanda wenye upana wa 2½. Sasa una umbo linalofanana na msalaba mnene, na eneo lake lote ni 39. Pembe nne ziko wazi. Kila pembe inahitaji kipande cha 2½ kwa 2½, yaani 6¼, na zote nne zinahitaji 25. Zijaze. Eneo linakuwa 64, umbo limekuwa mraba kamili, upande wake ni 8. Toa 2½ za huku na 2½ za kule, inabaki 3. Hiyo ndiyo x.

Mwanafunzi wa leo angepata pia −13, ambayo al-Khwarizmi hakuitaja, kwa kuwa upande wa mraba hauwezi kuwa chini ya sifuri. Lakini tazama alichokifanya. Hakukisia. Aliliona umbo linapungukiwa na nini, akalipa kinachopungua, na kwa kuwa aliongeza 25 huku akaiongeza na kule, hakuna aliyedhulumiwa. Tunaita kukamilisha mraba. Sisi tuliopitia sekondari tulifundishwa kanuni ile ndefu ya "hasi b, jumlisha au toa kipeuo cha pili" na wengi wetu tuliiimba mpaka leo tunaikumbuka, bila kuambiwa kwamba ndani yake mna pembe nne zilizojazwa tu. Naona ni hasara kubwa, kwa sababu aliyekariri kanuni ana kanuni moja, lakini aliyeona pembe zikijazwa ana kifaa atakachokitumia mpaka chuo kikuu. Kidato cha sita kitamjia kwenye mlinganyo wa duara uliofichwa kitovu chake. Kitamjia tena kwenye intigrali ya moja juu ya x² + 6x + 13, ambayo haifunguki mpaka uione ile 13 kuwa ni 9 na 4. Hapo chini pa sehemu panakuwa (x + 3)² + 4, na jibu, nusu ya tanjenti kinyume ya (x + 3)/2, linajileta lenyewe.

Kuna sifuri zinazoonekana haraka na kuna zinazohitaji jicho. Chukua x⁴ + 4. Kitoe vigawo. Watu wengi hukaa nacho kitambo, kisha husema hakigawanyiki, maana tofauti ya miraba wanaijua ila hapa kuna jumla. Mwenye ufundi anatazama pande mbili za jumla hiyo. x⁴ ni mraba wa x², 4 ni mraba wa 2. Ingekuwa (x² + 2)² pangekuwa na 4x² katikati. Haipo. Basi anaiongeza na kuitoa papo hapo: x⁴ + 4x² + 4 − 4x². Sehemu ya kwanza ni mraba kamili, ile ya mwisho ni mraba wa 2x, na tofauti ya miraba miwili kila mtu anaijua. Vigawo ni x² + 2x + 2 na x² − 2x + 2. Njia hii inabeba jina la Sophie Germain, mwanahisabati wa Ufaransa aliyezaliwa 1776, ambaye kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kusoma katika chuo cha École Polytechnique, akawa anapata maandishi ya mihadhara na kuwaandikia wakubwa wa fani kwa jina la kiume.

Na asije mtu akajiona mjinga kwa kutoiona sifuri hiyo. Gottfried Leibniz, mmoja wa waasisi wawili wa kalkulasi, mwaka 1702 alichapisha hoja kwamba x⁴ + a⁴ haiwezi kuvunjwa kuwa vigawo viwili vya namba halisi, na kwa hiyo intigrali ya moja juu yake haiwezi kuandikwa kwa logarithi na tanjenti kinyume. Alikosea. Mwaka 1719 Nicolaus Bernoulli, wa ukoo ule uliojaa wanahisabati, alionyesha vigawo hivyo. Kilichokosekana ni 2a²x², iliyoongezwa na kutolewa. Kila nikiifikiria habari hii nafurahi kidogo, nakiri, kwa furaha isiyo ya heshima sana: mtu aliyeijenga nyumba nzima alipita mbele ya mlango mmoja asiuone.

Kuzidisha kwa moja kuna uzuri wa namna nyingine, na trigonometria ndiyo makazi yake. Hili ni swali ambalo limezunguka madaftari mengi: tafuta kosaini 20° mara kosaini 40° mara kosaini 80°, bila kikokotoo. Hakuna hata pembe moja kati ya hizo iliyo katika orodha ya pembe maalumu tulizokariri. Lakini mwenye jicho haangalii pembe moja moja. Anaona 20, 40, 80: kila moja ni maradufu ya iliyotangulia. Na kanuni inayozaa maradufu anaijua: saini ya pembe mbili ni mbili saini kosaini. Kosaini zipo tatu, zimepanga foleni. Kinachokosekana ni saini 20° ya kuianzisha. Basi anazidisha kwa saini 20° juu ya saini 20°.

Kuanzia hapo swali linajila lenyewe. Saini 20° na kosaini 20° zinakuwa nusu ya saini 40°. Hiyo inakutana na kosaini 40°, inakuwa robo ya saini 80°. Hiyo nayo inakutana na kosaini 80°, inakuwa moja ya nane ya saini 160°. Saini 160° ni sawasawa na saini 20°, ambayo bado iko chini inasubiri. Zinakatana. Jibu ni 1/8. Mwanafizikia wa Marekani Richard Feynman aliipata hesabu hii utotoni kutoka kwa rafiki yake na hakuisahau maisha yake yote. Sishangai. Mara ya kwanza ukiona zile kosaini tatu zinavyomezwa moja baada ya nyingine, unatamani kumwonyesha mtu.

Sasa turudi kwenye sekanti, maana hapo pana kisa kirefu zaidi.

Ukifungua kitabu chochote cha kidato cha sita utaona intigrali ya sekanti x inapatikana hivi: zidisha kwa sekanti jumlisha tanjenti, juu na chini. Juu panakuwa sekanti mraba jumlisha sekanti mara tanjenti. Chini pamebaki sekanti jumlisha tanjenti. Sasa dai la ghafla: ukidifrenshieti kile cha chini unapata kile cha juu, kwa hiyo jibu ni logarithi asilia ya sekanti jumlisha tanjenti. Ni kweli, ni fupi, ni safi. Na kila darasa huwa na mwanafunzi mmoja anayenyoosha mkono: "Mwalimu, sasa hiyo ya kuzidishia umeijuaje?" Jibu la uaminifu ni kwamba aliyeandika alikuwa analijua jibu tayari, akarudi kinyumenyume.

Na ndivyo historia yenyewe ilivyokwenda. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alichora ramani ya dunia kwa ajili ya mabaharia, ambamo mwelekeo mmoja wa dira unaonekana ni mstari ulionyooka. Ili hilo liwezekane, kila mstari wa latitudo unanyoshwa kwa kiasi cha sekanti ya latitudo yake, na kaskazini-kusini nako lazima kunyoshwe kwa kiasi hichohicho. Dar es Salaam, karibu digrii 6.8 kusini mwa ikweta, inanyoshwa chini ya asilimia moja. London, kwenye digrii 51.5, inanyoshwa kwa asilimia 60. Kaskazini zaidi mambo yanaharibika kabisa, ndiyo maana Greenland kwenye ramani hiyo inaonekana inakaribiana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14. Hiyo yote ni kazi ya sekanti.

Sasa ili ujue mstari wa latitudo fulani uchorwe umbali gani kutoka ikweta, lazima ujumlishe sekanti zote kuanzia sifuri mpaka hapo, kidogo kidogo. Mwingereza Edward Wright alifanya hivyo kwa mkono, dakika moja ya pembe baada ya nyingine, akachapisha jedwali lake mwaka 1599. Tunaposema leo "intigrali ya sekanti" tunasema kwa maneno matatu kile alichokifanya Wright kwa maelfu ya mistari ya kujumlisha. Na katika miaka ya 1640, Henry Bond, mwalimu wa ubaharia, aliliweka jedwali la Wright kando ya jedwali la logarithi za tanjenti akaona namba zinafanana. Hakuwa na uthibitisho. Alikuwa na majedwali mawili na macho. Jibu likajulikana kabla ya sababu yake, na wanahisabati wakalihangaikia mpaka 1668, James Gregory wa Uskoti alipolithibitisha kwa njia ngumu mno. Mwaka 1670 Isaac Barrow akalithibitisha kwa njia inayofahamika.

Njia ya Barrow ndiyo ningependa iandikwe ubaoni kwanza. Sekanti ni moja juu ya kosaini. Zidisha juu na chini kwa kosaini. Juu kosaini, chini kosaini mraba, na kosaini mraba ni moja toa saini mraba. Sasa kila kitu kimekaa vizuri: saini iko chini, na kosaini, ambayo ndiyo difrensiesheni ya saini, iko juu. Weka u mahali pa saini, na swali limekuwa moja juu ya 1 − u². Livunje vipande viwili, nusu ya moja juu ya 1 − u na nusu ya moja juu ya 1 + u. Kila kipande kinatoa logarithi. Jibu: nusu ya logarithi ya (1 + saini x) juu ya (1 − saini x).

"Lakini halifanani na la kitabu!" Ni kweli halifanani, na hapo ndipo somo linanoga. Chukua kilichomo ndani ya logarithi, kizidishe juu na chini kwa 1 + saini x. Juu panakuwa mraba wa 1 + saini x, chini panakuwa kosaini mraba. Nusu iliyoko nje inaondoa miraba yote miwili. Imebaki logarithi ya (1 + saini x) juu ya kosaini x, ambayo ukiigawa ni sekanti jumlisha tanjenti. Moja ileile, safari ya pili.

Njia ya kwanza ni ya mtu anayekuonyesha kwamba anajua. Njia ya Barrow ni ndefu kwa mistari mitatu, lakini hakuna mstari ambao mwanafunzi makini asingeweza kuufikiria mwenyewe: unazidisha kwa kosaini kwa sababu ulikosa kosaini. Sababu iko ndani ya swali. Katika ufundi huu mimi huipa alama zaidi njia ambayo kila hatua yake inaweza kujibu swali la "kwa nini hapa?" Wakubwa kadhaa wa somo hawakubaliani nami, wao wanapenda ufupi, na kwa mtihani wana hoja.

Maana mtihani nao upo. Karatasi ya kwanza ya Hisabati ya Juu, katika mtihani wa kidato cha sita Tanzania, kwa wanaosoma tahasusi kama PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati), ni saa tatu kwa maswali kumi. Hiyo ni dakika 18 kwa swali, pamoja na kusoma, kunakili, kukosea na kufuta. Katika dakika hizo 18, kuuweka mkono chini kwa dakika mbili nzima kunahitaji ujasiri. Wengi wanaanza kuandika kwa hofu ya ukurasa mweupe. Kipanga wa kweli utamjua kwa daftari lake la rafu: lina maandishi machache kuliko la jirani yake.

Kuna maswali ambayo utulivu huo unalipa kupita kiasi. Tafuta intigrali, kutoka 0 mpaka nyuzi 90 (au nusu pai, kwa radiani), ya saini x juu ya saini x jumlisha kosaini x. Anayekimbilia kalamu atalivunja, atabadilisha, atajaza kurasa mbili. Anayetulia anajiuliza kitu kimoja: nikiitazama kutokea upande wa pili, yaani nikianza 90 kurudi 0, naona nini? Saini inakuwa kosaini, kosaini inakuwa saini. Chini hapabadiliki. Juu panakuwa kosaini. Eneo ni lilelile, maana kulitazama shamba kutokea mpaka mwingine hakubadilishi ukubwa wake. Sasa jumlisha mitazamo miwili: juu saini na kosaini, chini saini na kosaini, yaani moja. Intigrali ya moja kutoka 0 mpaka nusu pai ni nusu pai, hilo ni mara mbili ya jibu, kwa hiyo jibu ni robo pai. Hakuna intigrali iliyotafutwa. Na ukizipandisha saini na kosaini hizo zote kwenye kipeo cha 100 jibu ni lilelile, huku jirani wa kurasa mbili akianza kulia.

Ila ufundi haukai kwenye ujanja tu. Sehemu yake kubwa ni kujua hatua zipi zina hatari. Kuongeza sifuri na kuzidisha kwa moja ni salama. Unaweza kwenda na kurudi. Kupandisha mraba pande zote mbili si salama. Tuseme kipeuo cha pili cha x + 7 ni sawa na x − 5. Ukipandisha mraba, x² − 11x + 18 = 0, na x ni 9 au 2. Jaribu 9: kipeuo cha 16 ni 4, na 9 toa 5 ni 4. Sawa. Jaribu 2: kipeuo cha 9 ni 3, na 2 toa 5 ni hasi 3. Si sawa. Ile 2 haikuwa jibu la swali. Ilizaliwa na mraba, kwa sababu mraba hautofautishi 3 na hasi 3. Fundi akipandisha mraba huwa anaweka alama ndogo pembeni ya mstari huo, nukta au nyota, ya kumkumbusha kwamba mwisho wa safari lazima majibu yarudishwe kwenye swali la mwanzo.

Kukata nako ni hivyo. Darasani neno hili linatumika mno, "hii na hii zinakatana," na mkono unapita na mstari wa mshazari kwa raha. Lakini chukua saini 2x = saini x, kati ya 0° na 360°. Upande wa kushoto ni mbili saini x kosaini x. Ukikata saini x pande zote, kosaini x ni nusu, na unaandika 60° na 300°. Umepoteza 0°, 180° na 360°, kwa sababu ulichokikata kinaweza kuwa sifuri, na kwa sifuri hakuna kugawanya. Mwenye mkono mzuri hakati. Analeta vyote upande mmoja, anatoa saini x nje ya mabano, na majibu yote matano yanajipanga. Nimeona mwalimu akisahihisha daftari zima kwa kutafuta mistari ya mshazari tu. Penye mshazari juu ya herufi, anasimama.

Somo hili kuanzia kidato cha kwanza linaandikwa kwa Kiingereza, lakini linatendwa kwa Kiswahili. Ubaoni kuna alama na maneno ya kigeni, mdomoni kuna "hii ihamishe kule, ikivuka inabadili alama," "fungua mabano," "toa tatu nje," "hapa inajificha tofauti ya miraba," "swali lina mtego." Kwenye pindi za jioni, wanafunzi wanapofundishana wenyewe kwa wenyewe, maelezo yote yanayoingia akilini yanapita kwa lugha hii, na alama ya sawasawa ikishuka chini ya mwenzake, mstari kwa mstari, wima, kama inavyotakiwa. Alama hizo zikiyumba kwenda kulia na kushoto, mara nyingi na fikra zimeyumba.

Na kuna kujua kwamba swali halifunguki. Katika miaka ya 1830 Mfaransa Joseph Liouville alionyesha jinsi ya kuthibitisha kwamba intigrali nyingine haziwezi kuandikwa kamwe kwa mchanganyiko wowote wenye kikomo wa vipeo, logarithi, saini na wenzao. Moja ya hizo ni ya e kwa kipeo cha x². Inaonekana rahisi kuliko nyingi zilizotangulia hapa, na haina jibu la namna hiyo, hata umpe nani. Lakini itie x mbele, iwe x mara e kwa kipeo cha x², na mtoto wa kidato cha tano anaimaliza kwa mstari mmoja: nusu ya e kwa kipeo cha x², jumlisha namba isiyobadilika. Hiyo x ya mbele ndiyo difrensiesheni ya x², ukiacha ile 2.

Ndiyo maana mwanafunzi anapopeleka daftari mbele, kurasa zimejaa, badilisho juu ya badilisho, intigrali ya e kwa kipeo cha x² bado imekaa pale juu haijaguswa, mwalimu hasomi hata mstari mmoja wa kazi yake. Anatazama swali lenyewe na kuuliza:

"Umelinakili wapi hili?"

"Ubaoni, mwalimu."

"Nenda kaangalie tena. Kuna x umeiacha."